Mashine Zilizoachwa kwa Fundi Léopold

Kasenga, Uvira
Septemba 1966

Kwa shemeji yangu Placide, huko Bukavu,

Pokea salamu za nyumba hii, wewe na mke wako Ernestine na watoto wote. Natumaini baridi ya huko juu haijawashika kifuani, na kwamba kazi ya ofisi inakwenda vizuri. Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Florentine alilala na malaria, lakini amepona na amerudi shuleni. Mama yenu Élisabeth, goti bado linamsumbua, ila hakubali mtu mwingine amnunulie vile visamaki vyake vya ndagala. Anateremka ziwani mwenyewe kila asubuhi, kwa sababu anasema mimi wachuuzi wananipa za chini ya kikapu. Mvua imeanza kunyesha milimani na sisi tunaisubiri.

Salamu ndizo hizo. Ningeweza kuendelea kukusimulia habari za majirani, nani ameoa na nani amejenga, lakini nina hasira, shemeji, na nikijifanya sina, barua yote itakuwa uongo. Kwa hiyo kaa kitako usome mpaka mwisho.

Unakumbuka siku tulipomaliza matanga ya ndugu yako Léopold. Ukoo mzima ulikaa uani, na mimi mjane niliwekwa mkekani, kichwa kimenyolewa, mgongo ukutani. Mligawa vitu vyake. Meza ya kazi ilikwenda kwa baba mdogo. Bisibisi na vikoleo na kile kioo cha kubana jichoni alipewa binamu yenu Ildephonse, ambaye mpaka leo hajui kufungua hata redio. Kisha mkalileta boksi la biskuti. Mlipolifungua mlikuta vikopo vya dawa vimejaa mchele mkavu wa Ruzizi, na ndani ya mchele kila kopo lina mashine ya saa imefungwa kitambaa. Watu wakacheka kwamba marehemu alikuwa anawawekea panya chakula. Ndipo wewe ukasema, nakumbuka kwa sauti yako mwenyewe: “Hizi iko piesi tu, vyuma vya akiba. Minye nitabeba, Bukavu kuko mafundi.”

Nilinyanyua mkono. Nilisema vitu vile si vya Léopold. Sijamaliza sentensi, shangazi Félicité akanifinya paja na kuninong'oneza kwamba mjane hasemi mbele ya ukoo mpaka wenye mali wamalize kugawana. Nikanyamaza, kwa sababu nimelelewa. Na walipomaliza kugawana, wewe ulikuwa umeshapanda lori, na lori linapiga honi barabarani. Nilikuandikia baadaye, hukujibu. Nikaisingizia posta.

Sasa nikueleze zile mashine zilikuwa nini. Wakati huo niliamini kabisa kwamba hukujua, na ndivyo nilivyomwambia kila mtu.

Mwaka ule wa sitini na nne, waasi walipokuwa wanakuja kutoka uwanda wa Ruzizi, ulikuwa umeshavuka Ruzizi kwenda Burundi, au ndivyo nilivyodhani. Sisi tuliobaki tuliona jinsi mambo yalivyogeuka. Mtu aliyevaa saa aliitwa karani, na karani aliitwa adui wa taifa. Watu wakaanza kuja hapa Kasenga, kwenye kibanda cha mume wangu cha kutengenezea saa, usoni hawana damu. Saa kuitupa inauma. Kuivaa ni kujitafutia kifo. Kuifukia ardhini au kuvuka nayo mtoni maji yakikufika kifuani ni kuiua yenyewe, maana mashine ya saa haivumilii tone la maji wala chembe ya mchanga.

Léopold akafanya kitu ambacho sijasikia fundi mwingine akikifanya. Aliifungua saa, akatoa mashine, akaiweka kwenye mchele ili unyevu usiifikie. Ganda tupu akamrudishia mwenyewe aende nalo. Ganda halina kelele. Unaweza kulitia kwenye unga wa muhogo, unaweza kulishonea kwenye pindo la kitenge. Mpiganaji akilikuta atalitupa, litamsaidia nini? Ndani ya ganda alikwaruza alama ndogo, na alama ileile akaikwaruza mgongoni mwa mashine. Hakuandika jina la mtu hata mmoja. Nilimuuliza kwa nini haandiki, akaniambia kwamba karatasi yenye majina ya watu wenye saa, kwa siku zile, ni karatasi ya watu wa kuchinjwa. Ganda ndilo lilikuwa shahidi. Ukija na ganda, mashine ikaingia bila kulazimishwa na alama zikafanana, ni yako.

Waasi walipoingia mjini walifika na kwake. Walimwona ameketi katikati ya mashine zilizo uchi, wakaona ni takataka za fundi, wakampa saa zao za kunyang'anya awatengenezee. Alizitengeneza, na boksi la biskuti liko chini ya kiti chake. Watu walipigwa kwa siri ndogo kuliko ile, shemeji. Ndugu yako alikaa juu yake miezi yote ile. Na homa ilipomshika mwaka jana, kabla ulimi haujawa mzito, neno lake la mwisho la akili lilikuwa kwamba nisimpe mtu mashine bila ganda, na mwenye ganda nisimuulize kitu, nimpe tu na nimshukuru kwa kuvumilia.

Tangu kiangazi watu wamekuwa wakirudi, wengine kutoka Burundi, wengine kutoka milimani. Wa kwanza kunijia alikuwa mzee Marcellin, katekista wa Nyakabere. Saa yake ya mfukoni alipewa na mapadri kwa miaka yake ya kupiga kengele ya kanisa, na tangu arudi kengele anaipiga kwa kubahatisha, mpaka watu wanamtania kwamba misa ya Nyakabere inaanza mzee akisikia njaa. Alikuja kwa miguu. Akakaa kwenye kiti cha Léopold, akafungua fundo la kitambaa, akaweka ganda lake mezani taratibu, akasema: “Mama Florentine, minye nimekuya. Nyumba ya saa ni hii. Mwenye kukaa mule ndani iko wapi?” Na alikuwa anatabasamu! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia kwamba boksi liko kwa shemeji yangu Bukavu, mtu wa ofisi, mtu wa kuaminika, analitunza.

Baada yake alikuja Honorine, yule mkunga wa hospitali. Wewe unamfahamu, hana subira na mtu. Yake ni ile saa ya kubandika kifuani, anayohesabia mapigo ya moyo ya mama na ya mtoto. Nilipomweleza kuhusu Bukavu, alinitazama juu mpaka chini na kusema kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba fundi Léopold amewaachia watu maganda na kula kokwa. Mume wangu! Mtu aliyekalia kifo chake kwa ajili yao! Kuanzia siku ile, nikifika bombani kuchota maji wanawake wananyamaza. Huko Rugenge wanasema waasi walikuwa wanachukua saa yote kwa nguvu, lakini Léopold alichukua nusu kwa upole. Shemeji, mtu amekufa hawezi kujibu, na mimi mjibuji wake sina kitu mkononi.

Nilikutetea, uelewe hilo. Kwa mzee Marcellin nilikutetea, kwa Honorine nilikutetea, hata kwa mama yako aliyeanza kukunja uso. Nilisema Placide hakujua, Placide aliona mashine bila maganda akadhani ni piesi, yeyote asiye fundi angedhani hivyo, Placide akipata habari atazirudisha na lori la kwanza. Nilisema mpaka nikachoka kujisikia.

Halafu tukaanza kusikia kwamba sokoni kuna kijana anazunguka akinunua maganda matupu ya saa. Wauza samaki walimcheka, wakadhani ni kichaa. Lakini alikuwa anawaendea hasa hawa waliorudi kutoka ukimbizini, anawaambia kwamba ganda lisilo na mashine ni bati tu, afadhali walitoe wapate hata chumvi. Wengine waliuza. Walishakata tamaa, na njaa ya mkimbizi unaijua. Nikauliza kijana anamnunulia nani. Wakaniambia kuna mzungu amepanga nyumba kule Kalundu karibu na bandari, anaitwa Monsieur Anselme, muuza vitambaa wa Bujumbura, na ugonjwa wake ni saa za zamani.

Nilimwomba mzee Marcellin ganda lake nikaenda nalo Kalundu. Sikusema mimi ni nani. Nilijifanya mama mwenye shida anayetaka kuuza. Monsieur Anselme alinipokea vizuri, alinipa kiti, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Alilichukua ganda, akalifungua, akatazama ndani, na uso ukamng'aa kama mtoto aliyeona keki. Akainuka mbio kwenda kabatini. Na alichokirudisha na kukiweka mezani mbele yangu, shemeji, ni boksi letu la biskuti. Lile lenye picha ya farasi, pembeni pamebonyea pale Florentine alipoliangusha.

Nilishika kiti kwa mikono miwili. Yeye hakuona, alikuwa amezama katika furaha yake. Alichambua vikopo, akatoa mashine, akageuza akatafuta ile alama, akaiingiza kwenye ganda la Marcellin, na ikaingia bila kulazimishwa. Akanisogezea nione. Hapo ndipo aliponifundisha somo ambalo nataka na wewe ulisome.

Alisema mashine ya zamani ikiwa peke yake, mtu wa kukusanya saa haihesabu kuwa saa. Anaichukua kama tunavyochukua vichwa vya kuku: kwa ajili ya kumegua gurudumu hapa, skrubu pale, kumtibu mgonjwa mwingine. Ikiwa imeshika kutu ni sifuri. Ikiwa safi kama hizi zilizolala kwenye mchele, na vijiwe vyake vyekundu vyote vimo, na usukani wake, lile gurudumu dogo linaloyumba, haujapinda, inapanda kidogo. Ganda peke yake nalo halina maana, labda kwa mfua fedha wa kuyeyusha. Lakini mashine iliyorudi ndani ya ganda lake la kuzaliwa, lile lile, halijabadilishwa, na kuna alama ya fundi inayothibitisha, hiyo, alisema, huko Ulaya watu wanagombana juu yake. Wanaifungia kwenye kabati la kioo na kuialika jamii ije kuitazama. Thamani haimo kwenye mashine wala kwenye ganda, alisema. Imo kwenye kukutana kwavyo.

Umeelewa? Wewe uliuambia ukoo kwamba una vyuma vya akiba. Marcellin kijana wake alimwambia ana bati. Kila nusu imeitwa takataka, na nusu zote mbili zinakwenda kukutana mezani kwa mtu mmoja, naye anazipeleka kwenye kabati la kioo. Na kilichozifanya zikutane bila shaka ni alama ya mume wangu, aliyoikwaruza ili zirudi kwa wenyewe!

Nikamwambia mimi ni nani. Uso ulimshuka, nakubali. Nikamweleza habari za sitini na nne, maganda, watu wote. Alisikiliza mpaka mwisho kichwa chini. Kisha akajitetea kwamba yeye hakuiba, alinunua kwa mrithi halali, ndugu wa marehemu. Nikasema ndiyo, nalijua hilo sasa, lakini ndugu wa marehemu hakujua alichokuwa anauza.

Shemeji, yule mzungu alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa na nia ya kukuchongea, ndiyo maana nilimwamini. Alisema, mbona alijua? Alisema siku ulipomletea boksi, kabla ya kumkabidhi, uliomba dakika moja. Ulitoa ganda la saa ya mkono mfukoni mwa koti. Ulifungua kopo moja baada ya jingine ukitazama migongo ya mashine, mpaka ukaipata yako. Ulimwomba hata yeye akufungie kifuniko, kwa kuwa vidole vyako havikuzoea. Ukaizungusha, ukaiweka sikioni, ukacheka ilipopiga. Ukaivaa. Kisha ndipo ukamsukumia boksi na kusema zilizobaki ni piesi za akiba.

Nilitembea kutoka Kalundu mpaka Kasenga, ganda la Marcellin mkononi, bila kuona njia. Kumbe na wewe uliletwa na woga ule ule kwenye kibanda cha Léopold. Kumbe ulikaa kwenye kiti kile kile, akakupa ganda, akakuambia ndilo shahidi. Hakuniambia hata mimi mkewe, alikuficha kama alivyowaficha wote. Ndugu yako alikutunzia yako, wewe ukachukua yako na kuwauza waliobaki. Na mwezi wa saba, kabla ganda la kwanza halijarudi, ulipopita hapa mbio na saa mkononi nikakusifia, ukanijibu bila kupepesa kwamba umeinunua Bukavu kwa mshahara! Niliyekuwa nakutetea bombani!

Na msalaba wa saruji uliouambia ukoo kwamba utatoka katika pesa za vile vyuma, uko wapi? Kaburi la Léopold lina mti ule ule tuliouchomeka siku ya mazishi, na sasa umeegemea upande.

Sasa sikiliza hali ilivyo leo. Nilimwambia Honorine kila kitu, kwa sababu ni yeye aliyemtukana mume wangu kwa sauti, nilitaka asafishe kwa sauti ile ile. Amesafisha. Amekwenda nyumba kwa nyumba. Leo ni siku ya nne tangu wenye maganda wote waliopo mjini wateremke Kalundu na kuketi kwenye baraza ya Monsieur Anselme, kila mmoja na ganda lake magotini. Hawakupiga kelele, hawakutupa jiwe. Wamekaa tu. Akitoka wanamsalimu, akirudi wanamsalimu. Mzee Marcellin ameanzisha rozari. Honorine akimaliza zamu hospitalini anakuja moja kwa moja na nguo zake nyeupe, anajipangia nafasi mlangoni. Yule kijana wa sokoni ameacha kazi, amewarudishia waliouza maganda yao ambayo hakuwa amemfikishia bado mzungu, na sasa amekaa nao.

Monsieur Anselme ameniita kando. Amesema atarudisha mashine zote, lakini hatamrudishia mjane wala watu wa barazani. Atamrudishia aliyemuuzia, uso kwa uso, naye arudishe alichopokea, ili kesho ukoo usije ukamshitaki. Na Jumamosi anavuka kwenda Bujumbura, na kutoka huko anakwenda kwao na mizigo yake yote. Akishavuka mpaka pale Kavimvira, zile mashine tumezipoteza, na jina la mume wangu limezikwa nazo. Kwa hiyo njoo. Kama alichokulipa umekwishakitumia, uza baiskeli, uza redio, kamwombe mkuu wako wa ofisi. Hiyo ni shida yako na sitaki kuisikia. Nataka nikuone ukilibeba lile boksi kwa mikono yako miwili mpaka kwenye baraza ile, na kuwaambia watu wale kwa mdomo wako kwamba Léopold hakula cha mtu.

Msalimie Ernestine, mwambie kitambaa chake nimemshonea, nitampa mtu wa kwanza anayepanda Bukavu. Wabusu watoto. Florentine anakusalimu, hajui lolote na sitamwambia mpaka nione umefanya nini. Baba mdogo anakusalimu pia, na Ildephonse anauliza kama unajua mtu wa kumfundisha kutumia vile vikoleo.

Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea mama yenu barua hii yote. Nilidhani atalia au ataniambia nilegeze maneno, kwa kuwa wewe ndiye mtoto wa kiume aliyebaki naye. Alipapasa goti lake. Kisha akanituma niongeze neno moja, naliandika kama alivyolisema: “Mwambie Placide, akifika, asipite kwangu. Aende kwanza Kalundu. Akitoka Kalundu amupeleke mzee Marcellin mpaka Nyakabere, mzee apige ile kengele kwa saa yake, minye nisikie habari yake. Kisha njo akuye kuniita mama.”

Ni mimi shemeji yako,
Domitille, mke wa fundi Léopold